Staa Kanyimwa Mbwa Akalia Laivu, Lakini Aliyemnyima Ndo Alikuwa Sahihi

Mjini hapa habari ya mbwa imefunika hata habari za ndoa. Kuna mdada mmoja mwigizaji, sura yake inajulikana kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Jina linahifadhiwa, na anayejua anajua. Mwezi uliopita aliingia laivu usiku wa manane akiwa analia, kope za bandia zinaning'inia, anasema amebaguliwa. Kisa? Kanyimwa kununua mbwa.

Na sio mbwa wa kawaida. Alikuwa anamtaka basenji. Alimuona kwenye klipu ya TikTok: mbwa mdogo wa kahawia nyekundu, masikio yamesimama, paji la uso lina mikunjo kama mzee anayewaza ada za watoto, mkia umejiviringisha juu ya kiuno. Halafu habweki kama mbwa wengine. Akifurahi anatoa sauti kama anaimba. Mdada akasema huyo ndo zawadi yake ya bethdei, maana Dar nzima hakuna staa mwenye naye. Hilo la mwisho ndo lilikuwa kubwa kuliko yote.

Akampata mfugaji, mama mtu mzima anayeishi Uholanzi na amefuga basenji miaka mingi. Wakaanza kuchati WhatsApp. Mdada aliuliza swali moja tu: bei gani? Mama wa watu akajibu kwa maswali. Nani anakuwa nyumbani mchana? Ukuta una urefu gani? Ukisafiri kwenda kushuti, mbwa anabaki na nani? Daktari wako wa wanyama ni nani? Umeshawahi kufuga mbwa, na yuko wapi sasa? Mwisho akamwambia watoto wa mwaka huu wote wana wenyewe, asubiri mwakani, na kabla ya hapo waongee kwa video akiwa na wanaoishi naye nyumbani.

Mdada akapandisha dau, mara mbili ya bei. Mama akamjibu kwa upole kwamba kama ni hivyo basi hatampa kabisa.

Ndo laivu ikaja. Eti kakataliwa kisa ni Mwafrika. Watu wakamuunga mkono balaa. "Mbwa mwenyewe katoka Afrika, halafu mzungu anatubania!" Komenti ya namna hiyo ikapata laiki kuliko laivu yenyewe.

Siku mbili baadaye mambo yakanyooka, au ilionekana hivyo. Ukurasa mmoja wa Insta wenye picha kali ukamtumia ujumbe: basenji yupo, katua jana kutoka Ulaya, ana wiki 6, chanjo zote tayari, milioni 3 na nusu. Hakuulizwa habari ya ukuta wala daktari. Aliulizwa tu hela anatuma kwa mtandao gani. Ikatumwa kwa simu, na mtoto wa mbwa akaletwa na bodaboda kwenye boksi la sabuni, wakakutana kituo cha mafuta pale Mwenge. Bethdei ikafana, mbwa akavalishwa tai, kila mgeni akapiga naye picha.

Usiku wa tatu mbwa akabweka.

Mji ukacheka mpaka ukachoka. "Basenji wa Tandale" likawa jina lake. Kilichofuata hakikupata laiki nyingi. Siku ya sita mtoto akagoma kula, akaanza kutapika, kisha akaharisha damu. Daktari akampima akasema ni parvo. Siku ya tisa akafa. Taarifa ya kifo iliwekwa kwenye stori, na baada ya saa 24 ikafutika.

Sasa mabishano yaliyobaki mtandaoni ni nani kamtapeli nani na kiasi gani kimeliwa. Ni mabishano halali, kwa sababu milioni 3 na nusu sio hela ya vocha. Lakini kuna swali linarukwa. Kati ya watu wote kwenye sakata hili, nani alimfikiria mbwa? Ni mmoja tu, na ndo huyo aliyetukanwa mpaka akafunga simu.

Yale maswali yake hayakuwa dharau. Basenji ni mbwa wa kuwinda. Akiona paka au kuku anaondoka mbio, na ana sifa ya kupanda uzio ambao mbwa wengine wanauangalia tu. Ukuta mfupi karibu na Barabara ya Bagamoyo maana yake ni mbwa kugongwa. Ana akili nyingi na hapendi kukaa bure, akiachwa peke yake kutwa nzima anamaliza hasira kwenye sofa. Anayemjua anauliza mapema, kwa sababu anajua mbwa wa aina hii wanaishia wapi wakifika kwa mtu aliyevutiwa na sura tu. Wanafungwa mnyororo nyuma ya nyumba, au wanagawiwa kwa mlinzi.

Hata kuambiwa asubiri hakukuwa kubaniwa. Mbwa wengi majike wanapata joto kama mara mbili kwa mwaka. Basenji kwa kawaida ni mara moja. Uzao mmoja unaweza kuwa na watoto 4 mpaka 6 hivi. Kwa hiyo mfugaji wa kweli hana stoo ya basenji. Ana orodha ya watu wanaosubiri. Ukurasa wenye basenji Januari, Aprili, Julai na Oktoba, wote "wametua jana", umeshajitangaza wenyewe ni wa aina gani.

Kuna jambo lingine ambalo mdada hakufika kulisikia, kwa sababu alikimbilia kupandisha dau. Mbegu hii ina ugonjwa wake wa kurithi wa figo, unaitwa Fanconi. Figo zinavujisha sukari na vitu vingine ambavyo mwili unavihitaji, mbwa anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, anakonda. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi unajitokeza mbwa akiwa mtu mzima, ameshazoeleka na ameshazaa. Kipimo cha DNA kipo. Mbwa anaweza kuwa salama, au mbebaji asiyeumwa, au mwenye vinasaba vya kuugua. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 kuwa wa kuugua. Mfugaji anayejali anawapima wazazi kwanza na kumuonyesha mnunuzi majibu. Anayeuza kwa picha hajui hata baba wa mtoto ni nani.

Sasa lile la ubaguzi. Halitakiwi kupuuzwa, kwa sababu lina chembe ya ukweli mchungu. Basenji asili yake ni misitu ya Kongo. Wawindaji wa kule wanamfunga kengele shingoni ili wajue yuko wapi msituni, kwa vile hategemewi kubweka. Hata jina lake mtu wa Kiswahili akilisikiliza vizuri ataling'amua: basenji ni ndugu wa neno "washenzi". Yaani mbwa wa Mwafrika aliitwa mshenzi, akapelekwa Ulaya, leo ana vyeti na foleni ya wanunuzi, na Mwafrika akimtaka anaulizwa maswali. Inauma, na waliokasirika hawakukasirika bure.

Ila historia hiyohiyo ina kipande kingine. Basenji wa kwanza kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, kule London mwaka 1895, hawakudumu. Walikufa kwa distempa muda mfupi baadaye. Walipelekwa kwa ajili ya kutazamwa, kabla watu hawajajua namna ya kuwaweka hai. Ilibidi ifike miaka ya 1930 ndipo mbegu hii ikashika mizizi kule, na Crufts ya 1937 watu wakajazana kuwatazama. Kwa hiyo kilichotokea Dar mwezi uliopita sio kipya. Mtoto wa mbwa kanunuliwa ili aonekane, kafa kwa ugonjwa ambao una chanjo. Kosa lile walilofanya wazungu mwaka 1895 halihitaji kurudiwa ili kuthibitisha kwamba mbwa ni wa Afrika.

Na hayo maswali, wafugaji wa aina ile wanamuuliza hata Mholanzi mwenzao. Kilichomponza mdada ni kuamini kwamba hela ikiongezeka, majibu hayahitajiki.

Wapo wanaosema hela ni yake, aachwe. Sawa, hela ni yake. Lakini mbwa sio simu kwamba ikiharibika inabaki hasara ya mwenye nayo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, ikimaanisha mnyama naye anahesabika. Na staa akiposti, vijana wanaiga. Wiki ileile ya bethdei, kwenye ukurasa ule walijaa watu wanaouliza bei.

Sasa kwa anayetaka kweli mbwa wa mbegu adimu, basenji au mwingine yeyote, njia ipo, ila haina haraka.

Kwanza ni umri. Mtoto wa mbwa hatakiwi kuachana na mama kabla ya wiki 8. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida inachomwa akiwa na wiki 12 hivi. Kumuingiza mbwa nchini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali ya huko anakotoka, na uthibitisho wa hiyo chanjo. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mtoto wa wiki 6 "aliyetua jana kutoka Ulaya" na karatasi zote hayupo. Pale pale kwenye tangazo uongo ulikuwa umeandikwa.

Pili ni mama yake. Kama yuko karibu, mnunuzi aende nyumbani kwa mfugaji amuone mama akiwa na watoto. Kama yuko mbali, iwe video ya moja kwa moja, sio picha. Anayetaka kukutania kituo cha mafuta ana kitu nyumbani hataki kionekane.

Tatu ni karatasi. Kadi ya chanjo iwe na tarehe, stika ya dawa, muhuri na jina la daktari, na daktari huyo apigiwe simu. Madaktari wa wanyama nchini wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa hiyo jina linahakikiwa. Majibu ya vipimo vya wazazi yaonekane. Jirani zetu Kenya wana East Africa Kennel Club inayosajili mbwa wenye ukoo unaojulikana. Mtu anaweza kuanzia kuulizia huko kabla ya kuangalia Ulaya.

Nne ni mkataba. Mfugaji wa kweli anaandika kwamba mambo yakigoma, hata baada ya miaka, mbwa arudi kwake, asiuzwe wala kutupwa. Anayemblock mteja baada ya hela kuingia ameshatoa jibu lake.

Na akifika nyumbani, kazi ndo inaanza. Chanjo za watoto hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wafike kama wiki 16. Kabla ya hapo sio wa kupitishwa mikononi mwa wageni 60 kwenye pati.

Mwisho kuna huyu aliyekufa. Watu wanamuita feki. Hakuwa feki. Alikuwa mtoto wa mbwa wa mtaani, mzima kabisa siku aliyozaliwa, aliyetolewa kwa mama yake mapema ili mtu apate milioni 3 na nusu. Huenda angechukuliwa bure kwa jirani, akachanjwa kwa hela isiyofika hata gharama ya keki ya ile bethdei, leo angekuwa anabweka getini. Mbwa koko wa Dar wanavumilia joto, wanajua mji, na wengi wanatafuta pa kukaa. Hawana laiki tu.

Mdada ametangaza juzi kwamba kidonda kimepona na anatafuta mwingine, safari hii azawakh, mbwa wa Sahel, kwa sababu huyo naye hapa mjini hayupo. Inasemekana kuna ukurasa umeshamtumia picha. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye bustani kwa miezi mingi, na hakuna aliyesikika akimwambia hilo. Wale waliomshangilia kwenye laivu ya kwanza wangemsaidia sana kama safari hii wangemuuliza maswali yale ya mama wa Uholanzi, kuanzia na la ukuta.

Wadau mnasemaje? Mama yule alizingua, au aliona mbali?