Hadithi za Njiani Shinyanga Si Zote za Kuchekea

Leo sikuleta mitindo ya mitandio wala singo ya biharusi. Nimekuja kuteta, na ninaowateta ni sisi wenyewe, wanawake wa visiwani tunaokwenda bara kwa biashara au kufuata waume, kisha tukarudi na vituko vya kusimulia kana kwamba tulikwenda kutazama sinema.

Mimi hupeleka madera na mabuibui Kahama na Geita, kwa wanawake wa machimboni. Njia ile ina mambo, sikatai. Kuna Mwadui, ambako Mkanada Dkt. John Williamson aliupata mgodi wa almasi mwaka 1940. Watu husimulia kwamba mambo yote yalianzia chini ya mbuyu. Mwaka 1947 ilitoka pale almasi ya rangi ya waridi, akazawadiwa biharusi wa Uingereza, Elizabeth, kabla hajawa Malkia. Ilipochongwa ikabaki karati 23 na kitu. Haya, nani kati yenu katunzwa hivyo? Kuna na Ng'wanamalundi, ambaye Wasukuma wanasema akinyoosha kidole, mti unakauka. Hizo nazipenda, wala hazimdhuru mtu.

Lakini ndani ya basi lile lile, kwa kicheko kile kile, utasimuliwa kwamba bibi kizee mwenye macho mekundu ni mchawi. Nawe unarudi nayo Unguja, unaitia chumvi barazani.

Macho yale ni moshi, dada yangu. Shinyanga miti ilifyekwa, enzi za mkoloni kwa ajili ya kumaliza mbung'o, baadaye kwa mashamba na mifugo, hata serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kuirudisha. Kuni zikiadimika, mwanamke anapikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, tangu usichana wake mpaka uzeeni. Wewe macho yako yangekuwa meupe? Kisha mtoto wa jirani anaumwa, ramli inapigwa, bibi anatajwa, usiku mapanga yanaingia. Pengine aliyepeleka jina lake kwa mganga analitaka shamba lake.

Hadithi ya dhahabu ni mbaya zaidi. Mchimbaji mdogo anazamisha fedha yake katika duara miezi na miezi, hana kifaa cha kupimia mwamba, anabahatisha. Mganga anamuuzia sababu ya kukosa na dawa ya kupata. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu kuna walioaminishwa kwamba viungo vyao vinavuta dhahabu na samaki. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa kiume wa Bukombe. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Februari tu, kule Chato, mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja na nusu akaporwa kwa mama yake, akakutwa amekufa, mikono na miguu imekatwa.

Sasa ninyi mnavipiga picha vibao vya waganga njiani, mnatumiana na kucheka. Someni vizuri. Kibao kinachoahidi utajiri ndicho kinachoahidi kumrudisha mume. Na wapo, tena wanaosubiri harusi, wanaoichukua ile namba ya simu kimyakimya.

Utaniambia, yangu ni dawa ya mapenzi tu, haina damu ya mtu. Umejuaje? Fedha yako ndiyo kodi ya kile kibanda. Leo anakutajia wifi yako kwamba ndiye aliyekufunga, kesho anamtajia mwengine bibi wa macho mekundu. Kazi ni moja. Na sisi Waislamu tumeshaambiwa na Mtume (S.A.W.) kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza, sala zake hazikubaliwi siku arubaini. Ndoa hiyo unaianza na deni la sala, kwa sababu ya mume ambaye hata mahari hajatoa!

Na asiniambie mtu kwamba hayo ni ya bara. Mwaka 1995 visiwa vizima vililala nje kwa kumwogopa Popobawa, na mjini Unguja mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu kwa kudhaniwa ndiye. Mama zetu wanakumbuka, ila siku hizi tunaisimulia kama kichekesho.

Mkienda Shinyanga, pale Buhangija pana kituo kilichopokea watoto wenye ualbino waliotolewa makwao kwa kuhofiwa maisha yao. Si pa kwenda kupiga picha. Ngozi zao jua linaziunguza, na saratani ya ngozi inawaua wengi wakiwa bado vijana. Wanahitaji kofia za ukingo mpana na nguo za mikono mirefu za kitambaa kizito kidogo, si ile shifoni. Hizo sisi mafundi twajua kuzishona, na mzigo wangu ujao una nafasi. Mwenye vitambaa vilivyobaki dukani aniletee kabla ya mwisho wa mwezi.