Mwanafunzi Afundishwe Kuokoa Kazi Kabla ya Kuharakisha

Katika ufundi wowote ule, mwanagenzi hufundishwa kwanza kushika chombo chake bila ya kujidhuru, ndipo akafundishwa kufanya kazi kwa kasi. Katika uandishi wa programu za kompyuta utaratibu huu aghalabu hupinduliwa. Masomo mengi yahusuyo kihariri, yaani programu itumikayo kuandikia maagizo ya kompyuta, huanza na orodha ndefu ya njia za mkato. Siku umeme unapokatika, mwanafunzi hubaki ameduwaa, na kazi ya siku nzima huitoa thamani bure. Maoni yetu ni kwamba somo la kihariri lianze na uokoaji. Mfano wetu ni kihariri kiitwacho Vim.

Vim ni mrithi wa vi, kihariri kilichotungwa na Bill Joy mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Joy alitumia njia ya simu iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, yaani takriban herufi 30. Kwa kasi hiyo, kukijaza kiwambo chenye mistari 24 ya herufi 80 huchukua zaidi ya dakika moja. Ndiyo sababu amri zikafanywa fupi, nyingi zikiwa za herufi moja tu; na kwa kuwa herufi zile zile hutumika kuamuru na kuandika, ilibidi ziwepo hali mbili, hali ya amri na hali ya kuandika.

Asiyelifahamu jambo hili hubonyeza herufi akidhani anaandika, kumbe anaamuru. Herufi dd hufuta mstari mzima. Na J, ambayo hutokea bila kukusudia kitufe cha herufi kubwa kikiwa kimewashwa, huunganisha mstari na ule unaoufuata. Dawa yake ni nyepesi. Akizime kitufe hicho, abonyeze Esc ili arudi katika hali ya amri, kisha u, ambayo hutangua kitendo cha mwisho. Akiirudia, hurudi nyuma hatua kwa hatua. Akitaka kutoka bila ya kuhifadhi, aandike :q! na kubonyeza Enter; akitaka kuhifadhi na kutoka, aandike :wq.

Kiwambo kikiganda ghafla, asikimbilie kuzima kompyuta. Yawezekana amebonyeza Ctrl pamoja na S, kwa mazoea ya kuhifadhi aliyoyapata katika programu nyingine. Katika terminali nyingi vitufe hivyo husimamisha maandishi yasitokee kiwamboni. Ctrl pamoja na Q huyafungulia.

Lililo kubwa zaidi ni kukatika kwa umeme. Vim huweka kando faili la akiba, ambalo jina lake kwa kawaida huishia na .swp. Kama mipangilio haijabadilishwa, faili hilo huandikwa upya kila zinapochapwa herufi 200, au mkono unapotulia kwa sekunde 4. Kwa hiyo kinachopotea huwa kidogo mno. Lakini mwanafunzi anapolifungua faili lake tena, hupokewa na onyo refu lenye kutisha, naye kwa hofu huchagua D, ambayo hufuta akiba ile ile ambayo ingemwokoa. Ahakikishe kwanza kwamba faili halijafunguliwa mahali pengine, kisha achague R. Alichookoa akihifadhi kwa jina jipya, akilinganishe na faili la zamani, na mwisho kabisa ndipo alifute faili la akiba.

Watakuwapo wasemao kwamba taabu hii haina haja, maadamu vipo vihariri vya kisasa, kama vile Visual Studio Code kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015, ambavyo huongozwa kwa kipanya. Hoja hiyo ina uzito, na anayeanza hana sababu ya kuvikataa. Hata hivyo, mhandisi anayeirekebisha kompyuta iliyo mbali, kupitia mtandao dhaifu, mara nyingi hukuta vi au Vim peke yake. Tena kila kihariri kina namna yake ya kutangua na ya kuweka akiba. Anayekitumia bila ya kuijua namna hiyo yumo hatarini vile vile.

Wala Vim si ngeni katika Afrika Mashariki. Mtungaji wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, nchini Uganda, na tangu hapo akawaomba watumiaji wawachangie watoto wenye shida wa huko. Alifariki mwezi Agosti 2023, lakini anayeandika :help uganda angali akiusoma wito huo.

Twapendekeza basi kwamba katika kipindi cha kwanza kila mwanafunzi aandike mistari kumi, terminali ifungwe kwa nguvu kabla hajahifadhi, naye atakiwe kuirudisha kazi yake. Baada ya hapo apewe somo la vimtutor, ambalo huchukua kama nusu saa. Mwanafunzi aliyekwisha kuipoteza kazi yake na kuipata tena hataliogopa onyo la kompyuta, atalisoma.