Dhahabu ya Sanamu na Dhahabu ya Nyamongo

Wananchi wa Tarime na Serengeti wanayo haki ya kuitazama kwa jicho lao wenyewe ile tuzo ya Marekani iitwayo Oscar. Sanamu yake ni ya shaba nyeusi iliyopakwa dhahabu, na dhahabu ni kitu tukijuacho huku.

Mwaka 1960 tuzo hiyo ilitolewa kwa filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti. Mwanawe, Michael, aliyeitengeneza pamoja naye, alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959. Hatuibezi kazi ile. Lakini waliopewa nafasi ya kwanza ndani yake ni nyumbu na pundamilia, si Mwikoma wala Mngoreme.

Sasa tuitazame filamu nyingine. Neptune Frost, ya Saul Williams wa Marekani na Anisia Uzeyman wa Rwanda, ilionyeshwa Cannes mwaka 2021. Ni filamu ya nyimbo na ngoma, ikisema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kijana mchimbaji wa koltani, madini yaingiayo katika simu zetu, anampoteza nduguye mgodini. Anatoroka na kujiunga na wenzake wanaoivuruga mitambo ya kompyuta ya wakubwa wa dunia. Mama wa Nyamongo, ambako mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2002, hahitaji kufafanuliwa kilio cha wimbo wa namna hiyo.

Tuzo zilipotolewa Machi 2023, filamu hiyo haikuwamo hata miongoni mwa wateule. Haikuwamo pia Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyopelekwa na Tanzania kushindania tuzo hizohizo, ambamo anaigiza mwimbaji wetu wa taarabu Siti Amina.

Wako watakaosema kikwazo ni lugha. Sivyo. Jioni ileile tuzo ya wimbo ilichukuliwa na Naatu Naatu, wimbo wa Kitelugu kutoka India. Tofauti ni kwamba wimbo ule ulikuwa na filamu kubwa nyuma yake, yenye fedha na watazamaji wengi. Wapiga kura huchagua walichokiona, na kuwafanya wakione ni gharama ya matangazo na maonyesho ambayo msambazaji mdogo haiwezi. Nasi twaongeza sababu moja: filamu inayomshitaki mwenye simu mkononi haimpendezi upesi mwenye simu hiyo.

Hata hivyo, tusiishie kuilaumu Marekani. Kijana wa Nyamongo ataionea wapi Neptune Frost? Katika vibanda vyetu vya video hupita filamu za mapigano, tena zikifasiriwa kwa mzaha. Wazee husimulia magari ya sinema yaliyozunguka vijijini, na taifa lilikuwa na Kampuni yake ya Filamu, iliyoundwa mwaka 1968. Hivyo tuliviacha sisi wenyewe, na chama chetu kimo katika lawama hiyo.

Tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017, mwenye mgodi anapaswa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Madarasa na zahanati vitangulie, hakuna anayepinga. Lakini madiwani wakikaa tena kuujadili mpango huo, twawaomba watenge fungu dogo la kununua mtambo wa kuonyeshea filamu Tarime na Mugumu, na kamera ya kuwapiga picha wapigaji wa litungu wangali hai.