Alama za Chini ya Kreti Ziandikwe Kabla Hazijasagwa

Taifa lisilohifadhi ila nyaraka za wino hupoteza sehemu kubwa ya tarikhi ya viwanda vyake. Na miongoni mwa mashahidi wa tarikhi hiyo, aliye dhalili kuliko wote machoni pa watu ni kreti kuukuu la plastiki, lile ambalo Kibaha Maili Moja hupangiwa nyanya, na Kisarawe likageuzwa kiti cha muuza kahawa au kiota cha kuku.

Kreti hilo husomeka. Ukilipindua na kulisugua kwa brashi na sabuni, utaona kitakoni nundu ndogo mahali plastiki iliyoyeyushwa ilipoingilia katika kalibu. Kando yake aghalabu pana namba ya kalibu na nembo ya mtengenezaji, na katika baadhi ya makreti kiduara mfano wa uso wa saa, ambacho mshale wake huelekea mwezi na tarakimu zake hutaja mwaka. Pembetatu ya mishale mitatu yenye namba 2, dalili ya polithini ngumu, ilianzishwa Marekani mwaka 1988, basi kreti lenye alama hiyo haliwezi kuutangulia mwaka huo, ingawa kuikosa si hoja ya ukale. Wengi hukosea kwa kulitazama jina kubwa la ubavuni, ambalo ni la kampuni ya soda, bia au maziwa iliyoagiza kreti, ilhali aliyelitengeneza amejitaja chini kwa herufi ndogo.

Maada yenyewe si ya kale. Polithini iligunduliwa Northwich, Uingereza, mwaka 1933. Ile ngumu ifaayo makreti ikapatikana kwa njia ya Karl Ziegler wa Ujerumani mwaka 1953, na makreti ya mbao na ya waya yakaanza kuiachia nafasi. Kwa hiyo umri wote wa kreti la plastiki haujapita umri wa mzee mmoja, na waliofanya kazi katika viwanda vyetu vya awali bado wapo wa kuulizwa. Kituo cha basi cha Ubungo Maziwa kingali kinaitwa kwa kiwanda cha maziwa cha zama za mashirika ya umma. Lakini ni nani aliyeweka walau kreti moja la zama hizo?

Hivi leo makreti yaliyovunjika hununuliwa kwa kilo, yakasagwa, yakawa ndoo na mabeseni. Kazi hiyo ni ya halali na yenye manufaa, wala siombi izuiwe. Wala simhimizi mtu kuficha kreti lililotolewa kwa dhamana, kwani hilo lina mwenyewe na sharti lirudi kwake. Ninaloomba ni kwamba alama ziandikwe kabla ya kusagwa. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza kama mradi wa nchi za Nordiki mwaka 1963 na kukabidhiwa serikali yetu mwaka 1970, lina wanafunzi na walimu wa kuanzisha daftari la alama hizo, na maafisa utamaduni wa Kisarawe wanaweza kulijaza upande wao.

Nawe msomaji, ukiwa na kreti kuukuu uani, lisafishe, lipige picha ubavuni na kitakoni, uandike lilikopatikana, kisha uikabidhi kumbukumbu hiyo kwa shule iliyo karibu nawe.