Kibanda cha Tabibu Jenner



Katika mji mdogo wa Berkeley, jimbo la Gloucestershire, Uingereza, iko nyumba iitwayo The Chantry. Humo aliishi tabibu Edward Jenner tangu mwaka 1785 hata alipofariki mwaka 1823, na tangu mwaka 1985 nyumba hiyo ni makumbusho yake. Mgeni huonyeshwa chumba alimofanyia kazi na kuelezwa habari za maisha yake. Lakini lipasalo kutazamwa zaidi limo bustanini, nalo ni kibanda kidogo cha miti kilichoezekwa nyasi. Humo Jenner aliwachanja maskini pasipo malipo, ili wasishikwe na ndui.

Vijana wa leo hawaijui ndui. Yakadiriwa kuwa katika karne ya 20 pekee iliua watu kama milioni 300. Wengi waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka.

Basi elimu ya kuizuia ilitoka wapi? Haikuzaliwa katika nyumba hii. Waturuki walikuwa wakiwachanja watoto wao kwa usaha wa ndui yenyewe, na waliofanya kazi hiyo ni wanawake wazee. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyaona hayo huko Uturuki. Mwaka uliofuata alimchanjisha mwanawe, kisha akaipeleka habari kwao. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na hatari. Wachache walikufa kwayo, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza wengine.

Huko Berkeley wakamuaji wa ng'ombe walijulikana kwa neno moja: aliyepata ndui ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa mwepesi, haimpati ndui ya watu. Jenner hakulidharau neno hilo, wala hakuliamini kwa kulisikia tu. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa majimaji ya kidonda mkononi mwa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baada ya majuma kadha alimtia ndui yenyewe, nayo haikumshika. Leo jaribio kama hilo kwa mtoto haliruhusiwi. Mwaka 1798 alichapisha kitabu, na chanjo ikaenea duniani.

Mwisho wa safari hiyo ulionekana jirani yetu. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mpishi mmoja wa hospitali alishikwa na ndui, akapona. Yeye ndiye wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imekwisha.

Twajifunza nini? Elimu yaweza kukaa kwa bibi kizee au kwa mchunga ng'ombe, na mwenye kumdharau msemaji huikosa. Tena neno lililosikiwa halina budi kupimwa, maana lisilopimwa ni uvumi tu, nao uvumi umewazuia wazazi wengi kuwachanja watoto wao.

Wazee wetu wengi wangali na kovu la chanjo ya ndui mkononi. Enyi wazazi, waonyesheni watoto kovu hilo. Nanyi vijana, waulizeni wazee habari zake mziandike, kabla wao hawajaondoka nazo.