Kutoka Jumuiya Hakutaifufua Mumias

Kuna imani iliyoota mizizi Shirere na kote mjini Kakamega: kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokiua kiwanda cha sukari cha Mumias, na dawa ni Kenya kujitoa. Utaisikia kwenye steji za bodaboda. Utaisikia matangani, mwanasiasa anapopewa maikrofoni. Utaisikia kwa mzee aliyelima miwa maisha yake yote na hadi leo anadai malipo. Hoja yenyewe ni fupi: sukari ya Uganda ni ya bei ya chini, ikavuka mpaka, ikajaa madukani, kiwanda kikafa. Kisha huja mfano wa kufungia mjadala. Waingereza walichoshwa na Ulaya, wakapiga kura, wakatoka, na mpaka leo wanakula na kulala.

Naipinga imani hii yote, mwanzo wake na mwisho wake. Siipingi kwa kuipenda Arusha, yaliko makao ya Jumuiya, kuliko Kakamega. Naipinga kwa sababu inamfanya mkulima aliyeibiwa amkodolee macho jirani huku mwizi akitoka taratibu kwa mlango wa mbele.

Tuanze na Waingereza, maana mfano wao ndio unaopotoshwa zaidi. Wengi hapa husimulia kana kwamba raia wa Uingereza waliamka siku moja wakadai uhuru wao. Haikuwa hivyo. Kura ile ilizaliwa ndani ya chama. Tarehe 23 Januari 2013, Waziri Mkuu David Cameron aliahidi kwamba akishinda uchaguzi ataitisha kura ya maoni. Yeye mwenyewe alitaka nchi ibaki Ulaya. Waliokuwa wakimsukuma ni wabunge wa chama chake cha Conservative, waliomsumbua kila kukicha, pamoja na chama cha UKIP kilichokuwa kikimega wapiga kura wake. Akaiweka nchi nzima rehani ili apate utulivu katika chama chake, na utulivu wenyewe asiupate.

Naye Boris Johnson, aliyekuja kuwa sura ya kampeni ya kutoka, aliandika makala mbili kabla ya kutangaza msimamo wake: moja ya kutaka kutoka, nyingine ya kutaka kubaki. Akachapisha ya kwanza. Msomaji aipime mwenyewe imani ya mtu anayeweza kuandika zote mbili. Likaja basi jekundu lililozungushwa nchini likiwa na maandishi kwamba Uingereza huipelekea Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na afadhali fedha hizo zipewe hospitali. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyohiyo ilisema hesabu ile inapotosha. Basi likaendelea na safari zake. Juni 23, 2016, asilimia 51.9 wakasema tutoke, asilimia 48.1 wakasema tubaki.

Na waliposhinda ndipo ikajulikana kwamba hawakuwa wamekubaliana watokeje. Waziri Mkuu mpya, Theresa May, aliupeleka mkataba wake bungeni mara tatu na mara zote tatu ukaangushwa, mara ya kwanza kwa tofauti ya kura 230. Johnson alipomrithi alijaribu kulisimamisha bunge, na majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakaamua kwa kauli moja kwamba amevunja sheria. Nchi ilipotoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, mawaziri wakuu wawili walikuwa wameshaondoka madarakani kwa sababu ya jambo hilo moja, na suala la mpaka wa Ireland Kaskazini likaendelea kuzozaniwa kwa miaka mingine.

Hasara hiyo haikuishia kwao. Ili maua ya Naivasha na maharagwe mabichi yetu yaendelee kuingia Uingereza bila ushuru, Kenya ilibidi itie saini mkataba mpya jijini London tarehe 8 Desemba 2020, zikiwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya mlango kufungwa. Jasho lote hilo lilikuwa la kubakisha kile tulichokuwa nacho tayari. Hata Jumuiya yetu ilitikiswa. Mwaka 2016 nchi zetu zilipotakiwa kusaini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, Tanzania ilikataa na kuitaja kura ya Waingereza kuwa moja ya sababu, huku Kenya na Rwanda zikisaini Septemba mwaka huohuo. Ugomvi wa ndani ya chama kimoja cha London ulifika mpaka Arusha, na sisi tuliukuta mezani bila kuualika.

Anayetaka kujua kutoka katika jumuiya kunafananaje hana haja ya kwenda London. Sisi wenyewe tulishawahi kutoka.

Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Ilikuwa na reli moja, posta moja, bandari za pamoja na shirika moja la ndege. Hapa pia kuna hadithi rahisi inayopendwa: Idi Amin aliivunja. Amin ana makosa mengi ya kujibu, lakini nyufa zilikuwepo kabla yake. Mwaka 1970, Milton Obote akiwa bado rais, Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao Waluhya na Wajaluo. Mikoba iliteremshwa Magharibi hii, na si Nairobi. Amin alipopindua serikali tarehe 25 Januari 1971, Julius Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na kikao cha marais watatu, ambacho ndicho kilichokuwa na uamuzi wa mwisho, hakikukutana tena. Nairobi nako walikuwepo wakubwa walioona kwamba Kenya inawabeba wenzake bure, na Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo hakuficha kwamba Jumuiya haimpendezi. Kila upande ulikuwa na hesabu zake za nyumbani.

Januari 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Februari, Tanzania ikafunga mpaka. Ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Mali zilichukua muda mrefu zaidi kugawanywa: ilibidi aletwe msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na makubaliano yakasainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984. Meli za Ziwa Victoria zikagawanywa, na biashara iliyokuwa ikiipa Kisumu uhai ikanyongeka. Wafanyakazi wa reli na posta wakajikuta hawajui mwajiri wao ni nani. Kule Tanzania, wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya hiyo walikuwa bado wakiandamana Dar es Salaam kudai mafao yao zaidi ya robo karne baadaye.

Wala hakuna mwananchi aliyeulizwa. Waingereza, pamoja na udanganyifu wote waliofanyiwa, angalau waliulizwa. Mchuuzi wa Busia na fundi wa reli wa Kisumu walisikia habari redioni.

Sasa tuje Mumias, kwa maana hapo ndipo penye uchungu wa kweli, na uchungu huo siudharau. Kiwanda kile kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kilisomesha watoto wa eneo hili, kikajenga nyumba za mabati mapya kutoka Shianda hadi Matungu, na mji wa Kakamega wenyewe ulijua siku ambayo wakulima wamelipwa. Mwaka 2001 hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi. Septemba 2019 benki ya KCB ikakiweka chini ya mrasimu kwa madeni. Katikati ya miaka hiyo miwili ndimo yalimo mauti yake, na tukipitisha macho humo tutaona majina ya nchi nyingine yakipungua na ya nyumbani yakiongezeka.

Tangu 2002 Kenya ilipewa kinga ya kuzuia sukari ya nje isiingie kwa wingi bila ushuru. Kinga hiyo ilitoka COMESA, ambayo ni jumuiya nyingine kabisa, jambo ambalo wapiga kelele wa kujitoa Arusha hawalitaji. Ilitolewa kwa masharti: serikali iviuze viwanda vyake, wakulima wapewe mbegu za miwa inayokomaa mapema, na malipo yafuate utamu wa miwa badala ya uzito wake. Muda ulipoisha tuliomba nyongeza. Tukapewa. Tukaomba tena, tukapewa tena, miaka ikapita ishirini, na mkulima wa Mumias bado alikuwa akilipwa kwa tani, pale alipolipwa. Majirani hawakutunyima nafasi ya kujirekebisha. Wametusubiri kwa kizazi kizima.

Mwaka 2014 mkurugenzi mkuu wa kampuni aliondolewa wakati wa sakata la sukari iliyoagizwa kutoka nje. Mwaka 2017 serikali ya Kenya, kwa tangazo la gazeti rasmi, iliondoa ushuru wa sukari ya nje kwa hoja ya ukame na bei kupanda, na mwaka huo ikaingia karibu tani milioni moja, kiasi ambacho nchi haijawahi kukiona, nyingi yake ikitoka mbali kuliko Uganda. Uamuzi huo ulifanywa Nairobi. Haukupitia Arusha, haukupitia Kampala. Na bunge lilipochunguza sukari hiyo, ripoti ya uchunguzi iliangushwa na wabunge Agosti 2018 katikati ya madai kwamba wenzao walihongwa palepale bungeni. Wabunge hao walikuwa wetu. Wengine wao ndio wanaokuja matangani kutuambia adui ni Uganda.

Kama haya hayatoshi, kuna ushahidi usiohitaji mtu kupanda hata matatu ya mbali. Toka Shirere, shika barabara ya Webuye. Utafika Malava, nchi ya Wakabras, na huko kuna West Kenya wanaotengeneza sukari ya Kabras, na kuna Butali. Kaunti ni ileile, mpaka ni uleule, Jumuiya ni ileile, na sukari ya Uganda inayodaiwa kuiua Mumias ilipita kwenye maduka yaleyale ambayo Kabras huuzia. Mbona wao hawakufa? Najua jibu ninalopewa kila ninapouliza: kwamba viwanda hivyo viliishi kwa kuvizia miwa iliyogharimiwa na Mumias. Huenda jibu hilo lina ukweli. Lakini basi anayelitoa amekubaliana nami, kwa maana leseni za viwanda hutolewa na Kenya, mipaka ya maeneo ya miwa huwekwa na Kenya, na miwa haikuvuka Malaba kwa miguu.

Na nani alikuja kukikodi kiwanda Desemba 2021? Sarrai Group, kampuni kutoka Uganda. Tungekuwa tumejitoa Jumuiya mwaka 2019 kama wengi walivyotaka kwa hasira, mwekezaji huyo angekuja kwa masharti mengine, au asingekuja. Sisemi amefika kama mkombozi. Nasema tu kwamba huyu tuliyemwita muuaji ndiye aliyewasha mitambo.

Magendo yapo. Sukari ya nchi za mbali hubadilishwa magunia ikaitwa ya Uganda, na anayekataa jambo hili hajawahi kununua sukari dukani. Lakini magendo hukomeshwa na afisa wa forodha asiyehongeka, na afisa huyo ni mwajiriwa wa Kenya leo na atakuwa mwajiriwa wa Kenya hata tukijitoa. Tena tukijitoa atakuwa na mengi zaidi ya kuhongwa kwayo, kwa kuwa kila trei ya mayai na kila gunia la maharagwe litakuwa na ushuru wa kukwepwa.

Machi 2021 tulionja kidogo ladha ya mpaka kufungwa. Serikali ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, na siku chache tu baadaye ikabidi amri ilegezwe na kuwekewa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli, na mahindi yanapaswa kupimwa. Lakini eneo lililojaza shamba lake miwa haliwezi kuutukana mpaka unaoliletea unga. Isitoshe, biashara hii ina pande mbili: kwa miaka mingi Uganda imekuwa soko kubwa kuliko yote la bidhaa za Kenya barani Afrika. Wanaotaka tufunge mlango hawasemi saruji, mabati na sabuni za Kenya zitauzwa wapi.

Kuna jambo la kale kidogo ambalo watu wa Shirere wana haki ya kulijua. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 ardhi hii ilikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda. Mumias ya Nabongo Mumia ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili iliyotoka pwani kwenda Buganda. Siku hiyo ya 1902 Waingereza walisogeza mstari kwenye ramani, na bibi zetu wakalala Uganda wakaamka katika nchi nyingine bila kuhama boma. Wabukusu wana ndugu zao Wamasaba ng'ambo ya Mlima Elgon. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Kwa mtu wa Nairobi, Uganda ni soko. Kwa mtu wa Magharibi ni shemeji. Ndiyo maana mzigo wa kutoka utaanza kubebwa hapa kabla haujafika kwingine, kama mwaka 1970 na kama mwaka 1977.

Mwaka 2027 watakuja tena kuomba kura, na miongoni mwao atakuwepo wa kusema tujitoe kama Waingereza. Ndugu msomaji, usimzomee. Muulize maswali matatu mbele ya watu. Alikuwa wapi ripoti ya sukari ilipoangushwa Agosti 2018? Kinga ya COMESA ya miaka ishirini ilitumiwa kufanya nini? Na mkulima wa Mumias anayedai malipo ya miwa yake atalipwa na nani, na lini? Asipoyajibu, mnyime kura.