Daftari la Wiki: Gita la Nyuzi Tano

Bango la tamasha la rock lilisema saa moja jioni. Nikafika saa moja na dakika tano, nikamkuta mlinzi, paka, na kijana aliyepiga magoti akibandika nyaya sakafuni kwa selotepu. Bendi ya kwanza ilianza saa tatu kasorobo. Mpwa wangu, anayepiga besi katika bendi ya tatu, alinicheka: "Mjomba, saa moja ni ya kuwatisha wapigaji, si ya watazamaji."

Ni chumba cha nyuma cha baa, kando ya Barabara ya Ngong. Jukwaa hakuna, kuna zulia kuukuu lenye maua. Nilidhani ni pambo la kimasikini hadi nilipoelezwa kazi yake: ngoma kubwa husogea mbele kila inapopigwa teke, na juu ya vigae ingemfikia mwimbaji mgongoni kabla wimbo haujaisha. Bendi nne, seti moja ya ngoma. Kila mpigaji huja na matoazi yake kwapani, huyafunga, hupiga, huyafungua na kumpisha mwenzake.

* * *

Bendi ya tatu, wimbo wa pili, uzi wa gita ukakatika. Ni ule mwembamba kuliko wote, unene wake robo milimita hivi. Ulichomoka kwa mlio mdogo, ukajikunja kama unywele uliounguzwa na pasi. Mpiga gita akapekua mkoba: hana mwingine. Akawauliza wenzake wa bendi nyingine, nao wakapekua mikoba yao huku watu watatu wakimulika kwa simu. Hakuna. Mwimbaji akatoa kichekesho kimoja, kikaanguka. Akatoa cha pili, kikaanguka vibaya zaidi.

Basi kijana akapiga kwa nyuzi tano. Noti alizozizoea kwenye uzi uliokatika alizifuata kwenye uzi wa pili, mkono ukiteleza juu kabisa shingoni mwa gita, karibu na tumbo lake. Na kwa kuwa hakuweza tena kukwangua nyuzi zote kwa fujo, alianza kuzidonoa moja moja kwa kidole gumba na cha shahada. Hapo ndipo nilipoweka chupa chini. Ile haikuwa rock tena, au ilikuwa rock iliyopitia Homa Bay. Ilikuwa benga, imevaa jaketi jeusi.

Nilimuuliza baadaye, nje, akivuta sigara. Akasema hakukusudia. Babu yake alikuwa na santuri.

* * *

Kinyozi wangu, Jumatano, aliponisikia nikisimulia, alisimamisha mashine: "Hizo ni kelele za wazungu." Nusu ya kichwa changu ilikuwa imenyolewa, si wakati wa kubishana na mtu. Lakini hapa ndani ya daftari nina ruhusa.

Gita la umeme halikuota Gem wala Shirati, na hakuna anayesema kwamba mpiga benga marehemu D.O. Misiani alipiga kelele za wazungu. Wapiga benga walilichukua na kuliongelesha kama nyatiti, ile yenye nyuzi nane. Katika Zambia ya miaka ya 1970 vijana walichukua gita hilohilo pamoja na vumbi lake lote la rock, wakazaa Zamrock. Kiongozi wa bendi ya WITCH, Emmanuel Chanda, mpaka leo anajulikana kwa jina la Jagari, kutokana na Mick Jagger. Hapa kwetu Nairobi, mwaka 2020, vijana wawili waliojiita Duma walitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali kiasi kwamba hata mimi ninayewatetea siwezi kuumaliza kwa kikao kimoja. Msomaji wa Kiswahili ataona mnyama mwenye mbio. Wao walikusudia neno la Kikuyu: giza.

Kinyozi, nitakuletea. Nyoa kwanza.

* * *

Masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15, na watu wapewe vizibo vya masikio. Kwenye chumba kile vizibo vilikuwa karatasi za chooni. Hazisaidii kitu cha maana, nilizitumia.

Lakini nisiwaonee wapiga rock. Saa sita na nusu nilipanda matatu ya kurudi nyumbani, spika iko chini ya kiti changu, na nikagundua kwamba tamasha lilikuwa mahali pa utulivu. Mama mmoja mwenye kikapu aliomba sauti ipunguzwe. Makanga akamwambia ashuke atembee, kimya ni cha bure.

* * *

Hesabu, kwa sababu niliiomba nikapewa. Ndani tulikuwa watu 61. Kiingilio shilingi 500. Waliolipa ni 40. Sisi wengine "tulikuwa kwenye orodha", maana yake tunamjua mtu. Zikapatikana shilingi 20,000. Kukodi mitambo na fundi wake, 12,000. Zilizobaki zikagawanywa kwa bendi nne: 2,000 kila moja. Bendi ya mpwa wangu ina watu wanne. Kila mmoja alirudi na shilingi 500, ambazo ndizo bei ya kuingia, na teksi ya kubeba vyombo ilikuwa bado haijalipwa. Uzi mpya wa gita pia.

Jumamosi asubuhi nilimtumia mpwa wangu 500 kwa M-Pesa, bila maelezo. Akajibu: "Mjomba, umekosea namba?"

Sijakosea. Nawe ukifika mlangoni ukaambiwa jina lako liko kwenye orodha, shukuru, kisha lipa.